Milimita Mia Tatu

Sura ya Saba

"Rudi nyuma hatua mbili, Mwau. Haya. Sasa waiona ile mashine ya namba?"

"Naona ukuta, madam. Ukuta na mavi ya njiwa."

"Songa mpaka kwenye reli."

Sajenti Mwau alisonga, tumbo likagusa chuma cha reli, akanyoosha shingo. "Sasa naiona. Mlango wenyewe, mashine, mpaka ile taa nyekundu."

Inspekta Wamucii Ndegwa alikuwa ameshika nakala ya picha mkononi, akiitazama, kisha akitazama terasi, kisha picha tena. Kuna kitu hapa. Haki ya nani, kuna kitu hapa, na wiki nzima wamekipita kama vipofu.

Picha yenyewe kila askari kituoni alikuwa ameikariri. Ilionyesha kidole cha Anita Namalwa, sonara wa karibu na Biashara Street, kikibonyeza namba za mlango wa karakana yake katika orofa ya pili, nyuma ya dirisha kubwa. Zilikuwa picha nne, na kila moja na kitufe chake. Wezi walizisoma, wakaja usiku, wakabonyeza namba zilezile kama watu wanaorudi kwao, wakabeba vito vyote. Njiani walimkuta bawabu Obuya, wakampiga na chuma kichwani. Hadi asubuhi hiyo Obuya alikuwa hajafungua macho.

Mwizi mmoja alinaswa, na picha zikapatikana kwenye simu yake. Nani alimtumia hakujua, au alijifanya hajui. Namba iliyotuma ilikuwa imekufa. Lakini kamera huacha maelezo yake ndani ya picha, na picha hizi zilitumwa zikiwa nzima ili vidole vionekane vizuri. Maelezo yalisema zimepigwa Jumatatu, kwa lenzi iliyovutwa hadi milimita mia tatu. Polisi wakaitisha mtaalamu. Mtaalamu akapima ukubwa wa vitufe, akapiga hesabu yake, akatoa jibu: aliyepiga alisimama mita arobaini kutoka mlangoni. Ukipima mita arobaini kutoka dirisha la Anita, juu ya uwanja wa kuegesha magari, unafika hapa hapa, juu ya paa la studio ya Nzuki Mutie, mpiga picha za harusi. Na Nzuki ana lenzi ya zumu, ya kusogeza vilivyo mbali, inayofika mia tatu. Kwisha maneno! Nzuki akatiwa ndani.

Leo saa nane mchana angesomewa shtaka la wizi wa mabavu. Ukishasomewa hilo, dhamana utaisikia kwa majirani.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa likimkereketa Wamucii tangu mwanzo. Aliyepiga picha alikuwa amefuta namba ya kamera kutoka kwenye maelezo. Aliifuta vizuri, kwa ufundi. Urefu wa lenzi akauacha. Mbona? Mtu mwerevu wa kufuta hili angeshindwaje kufuta lile? Alimuuliza mkuu wake, mkuu akamwambia wezi ni wajinga, ndiyo maana wanashikwa.

"Hiyo nyeupe hapo chini ni nini?"

Aliyeuliza alikuwa Ndanu, dada yake Nzuki, mpiga picha za mpira, aliyewafungulia terasi. Tangu wafike alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, begi la kamera begani, na uso wa mtu ambaye salamu amewaachia mbwa. Sasa alikuwa amesogea hadi nyuma ya Wamucii.

"Mtaalamu anasema ni ukungu," alisema Wamucii. "Unyevu kwenye kioo cha lenzi."

"Ukungu!" Ndanu alicheka bila furaha. "Ukungu gani inakaa pahali moja kwa picha zote nne? Inspekta, hiyo ni kitambaa. Ni backdrop ya Nzuki, ya kuweka nyuma ya watu akiwapiga. Jumamosi anapiga harusi, maharusi wanaikanyaga na viatu, Jumatatu anaiosha anaianika hapo." Alinyoosha kidole.

Wamucii na Mwau waligeuka pamoja. Kamba ya kuanikia ilipita katikati ya terasi, nyuma yao, kutoka bomba la tangi hadi ndoano ya ukutani.

Wamucii alitazama reli, kisha kamba. Mlango wa Anita unaonekana ukiwa kwenye reli tu. Ukirudi hatua mbili, ukuta wa terasi unauziba. Na kamba iko nyuma ya reli. Mtu aliyesimama kwenye reli, kitambaa kiko mgongoni pake. Kitaingiaje kwenye picha yake?

"Mwau," alisema polepole. "Kitambaa kilikuwa mbele ya kamera."

"Haiwezekani, madam. Akisimama nyuma ya kitambaa haoni mlango. Ukuta unamzuia. Tumejaribu saa hii."

"Hapa chini hauoni. Lakini ukiwa juu zaidi?" Aligeuka, akaupa mgongo mlango wa Anita, akainua macho. Nyuma ya studio, ng'ambo ya barabara, lilisimama Jumba la Upendo, refu, la kijivu, na ngazi zake ziko nje zimezungushiwa vyuma. Kutoka kule juu mtu angetazama juu ya paa hili, juu ya kamba, juu ya reli, moja kwa moja hadi dirisha la Anita.

Mwau alitazama, akatikisa kichwa. "Kule ni mbali, madam. Ni mara mbili ya hapa. Kwa hiyo lenzi ya mia tatu, huo mlango ungetoka mdogo kama kiberiti. Na mtaalamu alisema—"

"Konvata," alisema Ndanu.

"Nini?"

Ndanu alikuwa tayari amepiga goti, anafungua begi. Alitoa kitu cha duara, kifupi, cheusi, chenye kioo ndani. Ungedhani ni kifuniko cha birika. "Hii. Inakaa katikati ya kamera na lenzi. Inazidisha mara mbili. Mia tatu inakuwa mia sita." Alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza Wamucii akaona hasira yake imekipisha kitu kingine. "Afande, mbona hakuna mtu aliwaambia?"

"Nilimuuliza mtaalamu kama kuna njia nyingine," alisema Wamucii. "Akaniambia hesabu haina njia nyingine."

"Sasa tunangoja nini?" Ndanu alisema, tayari amesimama.

Walipanda ngazi za Jumba la Upendo, Wamucii na Ndanu, wakipishana na makarani wa ofisi na mama wa chai. Mwau aliachwa kwenye terasi na kazi moja: akitafute kile kitambaa cheupe ndani ya studio, akianike. Walisimama kila orofa, wakachungulia. Ya nne, paa la studio liliziba. Ya tano, karibu. Orofa ya sita Wamucii aliinama kwenye vyuma, akauona mlango wa Anita umetulia pale, juu kidogo ya kamba ya nguo.

"Woi!" alisema Ndanu.

Alifunga konvata kwenye kamera, akafunga lenzi ndefu mbele yake, akavuta hadi mwisho. Akabonyeza. Lenzi ikanguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikakata tamaa.

"Imeharibika?" aliuliza Wamucii.

"Hapana. Inakataa. Sikiza, konvata inakuza lakini inakula mwanga. Na hizi lenzi za zumu za bei yetu ni za giza giza tangu zitoke kiwandani. Ukiziunga, kamera inaangalia kupitia hizi pini"—alifungua tena akamwonyesha safu ya vitone vya shaba—"inajua kuna konvata, inajua mwanga umepungua, inakwambia, mimi silengi, lenga mwenyewe. Na huwezi kulenga kidole kwa mkono kutoka hapa. Kitaondoka kabla hujamaliza."

"Kwa hivyo haiwezekani."

"Nimesema hivyo?" Ndanu alitabasamu. Alitoa kipande cha tepu nyeusi mfukoni mwa begi, akakikata kwa meno, akakibandika juu ya pini tatu za mwisho kwa ukucha, taratibu, kama anayefunga kidonda cha mtoto. "Sisi wa mpira tunaidanganya. Ukifunika hizi tatu, kamera haioni konvata. Inafikiri ni lenzi peke yake. Inalenga."

Alifunga tena. Akabonyeza. Lenzi ikanguruma mara moja, ikatulia. Ndani ya kioo, mlango wa Anita ulikuwa umesimama kama uko chumba cha pili, namba zote zinasomeka.

Wamucii alichungulia mwenyewe. Kisha wazo likamjia. "Ndanu. Kama kamera haijui konvata ipo... inaandika nini?"

Ndanu alimkodolea macho. Ni wazi hakuwahi kujiuliza, kwa sababu nani husoma maelezo ya picha za mpira? Alipiga picha, akafungua maelezo yake, akayasoma, akampa kamera.

Milimita mia tatu.

"Ala!" Wamucii alijikuta amemshika msichana wa watu mabega yote mawili. "Inaandika mia tatu! Mtu yuko mbali mara mbili na inaandika mia tatu!"

Simu yake ililia. Alikuwa Mwau, anahema. "Madam, nimekianika. Mnaniona?"

Walimwona, mdogo, anapunga mkono kando ya kitambaa kinachopepea. Ndanu alipiga tena. Na chini ya picha, pale pale, likatokea lile doa jeupe la ukungu wa mtaalamu.

Ndanu aliketi kwenye ngazi ghafla, akajifunika uso. "Nzuki hana konvata," alisema kupitia vidole. "Huwa anaazima yangu. Na hiyo Jumatatu nilikuwa nayo uwanja wa Jamhuri, michezo ya shule, kutoka asubuhi mpaka jioni. Picha ziko. Mwalimu wa michezo yuko. Nilikuja kituoni kwenu kila siku, Inspekta. Kila siku mliniambia ngoja hapo kwa benchi."

"Najua. Nisamehe. Ni makosa yetu." Wamucii alisema hivyo na alimaanisha, ila macho yake tayari yalikuwa yameondoka. Yalikuwa yamesimama juu ya mlango wa mbao kando ya ngazi, na kibao kilichochorwa kamera ya rangi ya dhahabu.

DARASA LA PICHA. MWALIMU N. KIHARA.

Norman Kihara. Huyo ndiye mtaalamu. Huyo ndiye aliyepiga hesabu ya mita arobaini.

Lo! Wamucii alitaka kukimbia, lakini akajizuia. Wanafunzi hupanda ngazi hizi kila siku, na yeyote kati yao angeweza kusimama hapa. Na mtaalamu naye ni binadamu, huweza kukosea. Alijipa nafasi hiyo moja ya kuwa mpumbavu. Akamwomba Ndanu amtolee zile picha mbili kwenye studio, na maelezo yake chini, akampigia Mwau.

"Nenda mahakamani na Ndanu. Kaa karibu na kiongozi wa mashtaka. Mwambie anipe muda."

"Hatakubali, madam. Mkuu alimwambia hili faili lisilale."

"Basi mbembeleze. Nitakupigia nikiwa Karen, kwa mtaalamu."

Nyumba ya Norman Kihara ilikuwa nyuma ya ua mrefu wa miiba ya kei, na bustani yake ilikuwa na kila jani alilopanda Mungu na mengine aliyopanda Norman. Wamucii alimwacha konstebo kwenye gari langoni, akaingia peke yake. Barazani, kati ya ndoo za waridi, mwanamke mwenye aproni alikuwa akifunga mashada ya harusi.

"Karibu sana. Mimi ni Becky, mkewe Mwalimu. Wewe ndiye Inspekta? Baba Ciku anakusifu! Anasema polisi wengine hawamwelewi lakini wewe unamwelewa. Yuko huko na wadudu wake. Chai nitaleta."

"Asante, mama Ciku. Nitakunywa."

Norman alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu zilizochanwa, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Inspekta! Leo ndiyo leo, si ndiyo? Saa nane?"

"Saa nane, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuja. Wakili wa Nzuki ni msumbufu, nataka nijihami. Tulipiga picha nyingine kuthibitisha. Ebu niangalizie hii, uniambie imepigwa wapi."

Alimpa picha ya Ndanu. Norman aliivuta karibu, akasoma mia tatu pale chini, akapima vitufe kwa kipimo kidogo alichotoa mfukoni. Hakuchukua muda.

"Terasi. Mita arobaini, labda na moja. Mkimpa hakimu hii, mmemaliza kazi."

"Hakuna pahali pengine?"

"Inspekta, hesabu ni hesabu."

"Na huu weupe hapa chini?"

"Ukungu. Asubuhi za mjini, unajua."

Wamucii aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri, akairudisha picha mkobani. Mpiga picha za mpira alilijua jibu kwa neno moja, na mwalimu wa wapiga picha halijui? Lakini wakili mzuri angesema alikosea, basi. Alihitaji kitu cha kushika.

"Mwalimu, nimesikia habari za wadudu wako. Anita Namalwa alisema ulimpigia picha za vito na lenzi yako ya wadudu."

"Ah, Anita! Vito ni wadudu wasiokimbia." Norman alicheka, uso ukamwangaza. Hapo Wamucii aliona amegusa penyewe. "Njoo. Njoo uone. Wiki hii nimekuwa wenu tu, kituo, mahojiano, kituo. Toka ile Jumatatu sijapiga hata sisimizi."

Juu ya meza ya bustani kulikuwa na kamera na lenzi fupi nene. Kati yake na kamera, Wamucii aliona pete nyeusi. Alikuwa amejifunza sura yake asubuhi hiyo hiyo.

"Hii ni makro," Norman alieleza, "ya vitu vidogo. Milimita mia moja. Sasa, mdudu ukimsogelea sana anatoroka, au kivuli chako kinamfunika. Wanaoanza hawajui hili. Kwa hivyo naongeza konvata. Nabaki palepale niliposimama, na yeye anatoka mkubwa maradufu. Unaona uzuri wake?"

"Kumbe! Na hii konvata haitumiki na lenzi nyingine? Zile ndefu za zumu?"

"Wengine hufanya hivyo." Alikunja pua. "Ni uchafu. Mwanga unakufa, kamera haitaki kulenga, picha inatoka laini kama uji. Mimi ni mtu wa makro. Hii pete haijawahi kuguswa na lenzi nyingine, naapa."

"Ina akili, lakini? Kamera inajua kwamba umeiweka?"

"Inajua kila kitu. Si za mtaani hizi. Ina pini, inaongea na kamera. Lenzi ya mia na hii, kamera itaandika mia mbili. Hata usingeniamini, kamera ingekwambia."

"Nionyeshe moja, Mwalimu. Nikumbuke nilikuja kwa mtaalamu."

Aliipenda hiyo. Alimwongoza hadi kwenye kichaka cha mrujuani, akamwonyesha kwa kidole: vunjajungu, kijani kibichi, amekunja mikono kama yuko kanisani. Norman alipiga goti. Hakuiacha kamera ilenge, alilenga kwa mwili wake, akisogea mbele na nyuma kwa pumzi, kama wanavyofanya watu wa makro wote. Mwanga ulikuwa tele. Akabonyeza mara tatu, akainuka na majani magotini, mwenye furaha kabisa.

"Tazama jicho hilo!"

"Mungu wangu," alisema Wamucii, na kweli lilikuwa jicho la ajabu. "Na maelezo yake yako wapi? Nifungulie nione hiyo mia mbili."

Norman alibonyeza kitufe bila kuangalia, akamgeuzia kioo. Wamucii alisoma, kisha akakishika kioo kwa upole, akamgeuzia mwenyewe.

"Mwalimu. Mbona inasema mia moja?"

Norman aliinamia kioo, akabonyeza kitufe tena.

"Ni... labda haikukaa vizuri. Vumbi."

"Vumbi wakati mwingine, ukungu wakati mwingine." Wamucii hakuhisi tena hofu yoyote, alihisi furaha tupu, ile ya mtu aliyeona funguo zake zilipoanguka. "Nipe hiyo kamera, tafadhali. Usiiguse zaidi."

Alivaa glavu, akazungusha lenzi, akaitoa, kisha akatoa konvata. Aliiinua juu kwenye jua. Safu ya vitone vya shaba ilimeta, isipokuwa vitatu vya mwisho. Juu ya hivyo vitatu kulikuwa na kipande kidogo cha tepu, hakizidi ukucha wa mtoto. Tepu ya kijani.

"Konvata hii haijaguswa na lenzi nyingine, uliapa. Sasa nieleze. Makro yako ina mwanga wa kutosha, na hata hivyo unalenga kwa mwili, nimekuona mimi na macho yangu. Hauna haja ya kuidanganya kamera. Mtu anayefunika pini ni mtu aliyefunga lenzi ya zumu yenye giza, anayetaka kamera ilenge haraka kitu kinachosogea. Kama kidole."

"Inspekta, wanafunzi wangu huazima—"

"Uliniambia haijaguswa."

"Nilisahau. Wanafunzi ni wengi, wengine—"

"Ulifuta namba ya kamera ukaacha mia tatu. Uliiacha ili tuisome, na tukaisoma! Ulijua tutaitisha mtaalamu wa picha, na mjini tunamwita nani? Tukakupa hesabu uipige wewe mwenyewe. Umetuona mafala, Mwalimu, na tulikuwa mafala."

Norman alijinyoosha, sauti ya darasani ikamrudia. "Tepu inaweza kuwekwa na yeyote. Hata nyinyi. Hauna kitu. Kipande cha tepu! Kila fundi wa simu mjini ana tepu."

Vikombe viligongana nyuma yao. Becky alikuwa amefika na sinia, akaliweka kwenye meza, akafuta mikono kwenye aproni. Aliinama akatazama kile kitu cheusi mkononi mwa Wamucii, kwa udadisi tu wa mwenye nyumba.

"Hee! Baba Ciku, si hiyo ni tepu yangu ya maua?" Alimgeukia Wamucii akicheka. "Hii haiuzwi ovyo, mgeni, naagiza. Ni ya kufunga vijiti vya waridi. Jumapili ile usiku nilimkuta anakata vipande na mkasi wangu mzuri, na nina mashada ya watu ya kumaliza. Nikamwuliza, ya nini? Akasema ni ya ile lenzi yake ndefu, kesho ana kazi mjini."

Kicheko cha Becky kilipungua, kikaisha. Alimtazama mumewe, akaona uso wake, na mkono wake ukapanda taratibu hadi mdomoni.

"Norman? Nimesema nini?"

Norman aliketi kwenye kiti cha bustani. Alionekana amepungua ghafla. Alitazama kamera iliyolala wazi juani, tundu lake jeusi halina kifuniko, na alichosema kilimshangaza Wamucii kuliko kukiri.

"Iwekeni kifuniko. Vumbi litaingia."

"Obuya yuko hospitali wiki nzima, Mwalimu. Ana kitu kibaya kuliko vumbi kichwani."

"Hawakuambiwa wampige mtu," alisema Norman kwa sauti ndogo. "Niliwaambia hakuna mtu kule usiku."

Becky alitoa sauti ambayo Wamucii hakutaka kuisikia tena. Wamucii alimwita konstebo kutoka langoni kwa mkono, na kwa mkono mwingine alikuwa tayari na simu sikioni. Ililia, ikalia, ikalia. Pokea, Mwau. Pokea!

"Madam." Mwau alikuwa ananong'ona. "Wamemwita Nzuki jina. Anapanda kizimbani sasa."

"Mwambie kiongozi wa mashtaka asisome! Nina konvata, nina tepu, na mwenyewe amekiri mbele ya mkewe!"

"Amesimama tayari, madam. Amefungua faili."

"Basi mvute koti!"

"Madam, hapa ni mahakamani—"

"Mwau! Mvute koti!"

Kulisikika viatu vikikimbia juu ya mbao, kiti kikianguka, mtu akifoka, nyundo ikigonga meza mara kadhaa. Mwau alikuwa akisema kitu, haraka, kwa Kiswahili na Kikamba pamoja. Wamucii alikuwa amesimama katikati ya maua ya mwanamke ambaye maisha yake yalikuwa yameanguka hivi punde, na hakuweza kumtazama.

Sauti nzito ya hakimu ilisema kitu mbali na simu. Mwau akamrudia Wamucii kwenye simu. "Kiongozi wa mashtaka ameondoa shtaka, madam. Hakimu anasema Nzuki ashuke."

Na kutoka nyuma ya ukumbi ukaja ukelele, mmoja, mrefu, wa mwanamke aliyekalishwa kwenye benchi siku nyingi. Ulitoka kwenye simu ukajaza bustani yote ya Norman Kihara. Hakimu aligonga nyundo, akagonga tena, na Ndanu hakunyamaza.